Kati ya Kadhi na Katiba: Niliyojifunza Nikiandamana na Kina Mama Mahakamani

Mara nyingi mtu anapoingia ofisini kwetu Mombasa kuuliza habari za mirathi, hataki kwanza kujua nani anarithi nini. Anauliza, "Niende wapi?" Kwa Kadhi, au kwenye mahakama ya kawaida? Ndani ya swali hilo mna hofu. Keshaambiwa na shemeji zake kwamba Mwislamu akipeleka mambo ya nyumba yake kwingine, dini yake imeingia doa. Au jirani keshamwambia kwamba mbele ya Kadhi mwanamke hasikizwi. Kazi yangu huanza na kuziondoa hofu hizo mbili. Zote hazina msingi, na zote zimewakosesha kina mama wengi haki zao.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Pwani. Si wakili, wala si mwanachuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu. Ni msaidizi wa sheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Naeleza watu sheria inasemaje, nawasaidia kupanga stakabadhi, nawaandikia barua, kisha nakaa nao kwenye benchi mpaka faili yao iitwe. Ukilikalia benchi hilo kwa miaka, unajua mapema nani amefika na bahasha imejaa karatasi na nani amefika mikono mitupu, na nani anazungumza huku akimtazama kwanza mwanamume aliyemleta.

Kwa asiyeifahamu Katiba ya Kenya, nieleze kwa ufupi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria, na kinakataza ubaguzi wa jinsia, wa dini, na hata wa namna mtu alivyozaliwa. Kisha Kifungu cha 24(4) kinaipunguza ahadi hiyo mahali pamoja: masharti ya usawa yatalegezwa, kwa kiwango kile tu kilicho cha lazima kabisa, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Mahakama za Kadhi, kwa watu wanaofuata Uislamu, katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kifungu cha 170 nacho kinaongeza sharti zito: wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali mamlaka ya mahakama hiyo.

Mahakama hizi hazikuzuka juzi. Zilikuwako Pwani tangu enzi za Sultani wa Zanzibar, na Waingereza walipochukua usimamizi wa ukanda wa maili kumi kando ya bahari kwa mkataba wa 1895, waliziacha ziendelee. Uhuru ulipokaribia, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua tarehe 5 Oktoba 1963: ukanda uwe sehemu ya Kenya, na Kenya ihifadhi mahakama za Kadhi. Ni ahadi ya serikali kwa serikali, na watu wa Pwani hawajaisahau.

Hata hivyo mwaka 2010, kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, jambo hili lilitikisa nchi. Makanisa mengi yalipinga Kadhi kutajwa katika katiba mpya. Jirani yangu, Mkristo, tuliyeishi naye kama ndugu, aliniuliza bila kuficha: "Dada, kwa nini nyinyi mpewe mahakama yenu ndani ya katiba na sisi tusipewe?" Nilimjibu kwa historia ile ya 1963. Alinisikiliza, lakini niliona wazi kwamba historia haikumtosha. Alichotaka kujua ni kama kuna mtu anaumia kwa sababu ya nafasi hiyo tuliyopewa. Ni swali la haki, na tangu hapo ndilo ninalolipeleka katika kila kesi: nafasi hii ya dini inamlinda nani, na mzigo wake unabebwa na nani?

Nianze na inayemlinda.

Alikuja binti mmoja, mumewe amekwenda kufanya kazi Ghuba na baada ya muda akanyamaza. Hatumi pesa, hapokei simu, hatoi talaka. Binti yule hakuwa mke wala mtalaka. Mtu akimposa, baba yake anakataa, na ana haki kukataa, kwani binti yumo ndani ya ndoa. Ukimwambia mtu kama huyu kwamba haki za raia zinatosha, hujamsaidia. Karatasi ya hakimu wa kawaida isingemtuliza yeye, isingemtuliza baba yake, wala asingeweza kukaa eda kwa moyo mkunjufu. Alihitaji faskhi, yaani ndoa ivunjwe bila kungoja mume atoe talaka, kwa kauli ya mtu ambaye yeye na ukoo wake wanamtambua kuwa na mamlaka hayo kidini. Na Sheria ya Ndoa ya 2014 inakubaliana naye, kwani inasema ndoa ya Kiislamu huvunjwa kwa sheria ya Kiislamu. Kadhi alitaka mume atafutwe, ilani ikatolewa, mashahidi wakasikizwa, na mwishowe ndoa ikavunjwa. Yule binti alitoka pale amepata kitu ambacho hakuna mahakama nyingine Kenya ingeweza kumpa. Wale wanaosema mahakama hizi zifutwe ili sote tuwe sawa, huwa nawataka wanijibu habari ya mwanamke huyu kwanza.

Kisha kuna kesi ya mjane ambaye nitamwita Mama Mahamri, maana ndivyo mtaa mzima wa Kisauni ulivyomjua. Alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri kukanda unga, na kufikia saa kumi na mbili na nusu watu wamejipanga na vyombo vyao vya mbaazi. Mumewe alikuwa kibarua bandarini. Kiwanja kilikuwa kwa jina la mume, nyumba wakaijenga kidogo kidogo, chumba baada ya chumba. Mume alipofariki, hata khitma haijakaa sawa, ndugu zake wakaja na hesabu iliyokwisha kupigwa: mke mwenye watoto fungu lake ni thumni, sehemu moja ya nane. Nyumba iuzwe, achukue thumni yake, ahame.

Hesabu ya thumni haina kosa. Imo ndani ya Qurani na hakuna Mwislamu wa kubishana nayo. Lakini thumni ya nini? Hapo ndipo nilipomkalisha chini. Kabla mirathi haijagawanywa, sheria yenyewe ya dini inataka yatolewe mambo mengine kwanza: gharama za mazishi, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia usiozidi theluthi. Na kabla ya yote hayo, lazima ijulikane ni kipi hasa kilikuwa mali ya marehemu. Katika Uislamu mali ya mke ni ya mke. Mahari yake ni yake, na pesa ya mahamri ni yake. Ndoa haikuzihamisha kwenda kwa mume. Kwa hiyo nilimuuliza, "Mama, mabati alinunua nani?"

Akaniambia ngoja. Siku ya pili akaja na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na risiti za duka la vifaa vya ujenzi, nyingine wino umefifia hata usome juani. Simiti, misumari, mabati ya chumba cha nyuma, fremu ya mlango. Na palikuwa na daftari la chama chao cha kina mama, lile la mistari lenye jalada gumu, limeandikwa kila mwezi nani amepokea zamu yake na amesema anafanyia nini. Mbele ya jina lake, miezi tofauti, mweka hazina alikuwa ameandika kwa mkono: "mabati", "lenta", "choo".

Nilimweleza kwamba ana hiari. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inamwacha Mwislamu aongozwe na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa akitaka, haimlazimishi. Na Mahakama ya Kadhi haiwezi kusikiliza jambo lake bila yeye kuikubali. Alifikiri, akaenda akaswali, akarudi akasema anataka kwa Kadhi, kwa sababu hataki watoto wake waje waambiwe kwamba mama yao aliikimbia dini ili apate nyumba. Uamuzi ulikuwa wake, na niliuheshimu.

Siku ya kusikilizwa, shahidi wake mkubwa alikuwa mweka hazina wa chama. Mama Mkristo, mzaliwa wa Kilifi, amekuja na kitambaa chake kichwani na nakala ya daftari mkononi. Shemeji mkubwa akasimama kabla hajaanza. "Mheshimiwa Kadhi, huyu si Mwislamu. Tena ni mwanamke, na ni mmoja. Ushahidi wake utasimamaje?" Pale mahakamani kukawa kimya. Mjane alinitazama. Mimi sikuwa na ruhusa ya kusema neno.

Kadhi hakupandisha sauti. Alimwambia shemeji akae, akamweleza kwamba Sheria ya Mahakama za Kadhi, ile ya mwaka 1967, imelimaliza jambo hilo zamani. Kanuni za ushahidi humo ni za Kiislamu, lakini mashahidi wote watasikizwa bila kubaguliwa kwa dini wala jinsia, na ukweli wa jambo utapimwa kwa uzito wa ushahidi wote, si kwa idadi ya mashahidi. Akamgeukia yule mama wa Kilifi: "Haya, mama. Tuambie unachokijua." Na akaeleza, ukurasa kwa ukurasa.

Nimeisimulia siku ile kwa kirefu kwa sababu pale niliiona Katiba na dini vikifanya kazi pamoja katika chumba kimoja, bila mmoja kumfukuza mwenzake. Waliotunga sheria ile ya 1967 hawakusema Waislamu wasiwe na mahakama yao. Hawakusema pia kwamba yote yaachwe yalivyo. Waliacha hukumu ya dini itawale katika mirathi, wakalinda haki ya kila anayeingia kusikizwa kama mtu kamili. Kadhi alikubali kwamba sehemu ya nyumba ilikuwa ya mjane mwenyewe, haiingii katika mirathi. Iliyobaki ndiyo iliyogawanywa: thumni yake, na salio kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja.

Na hapo pana jambo ambalo siwezi kulipita. Binti yake, aliyekuwa akisomea uuguzi, aliniuliza tukiwa tunashuka ngazi, "Shangazi, mbona mimi nusu?" Nilimpa jibu ambalo wanachuoni hutoa, kwamba mwanamume amebebeshwa wajibu wa kulisha na kutunza, na mwanamke mali yake haina anayeidai. Ni jibu la kweli katika mpango wake. Yeye akasema kaka yake hamlishi mtu, na mama yao ndiye aliyemlisha kaka. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Ikiwa mtu mzima mwenye akili zake, anayejua kwamba Kifungu cha 27 kingempa sawa, anachagua fungu la dini kwa imani yake, sioni serikali ina haki gani ya kumzuia. Lakini binti yule hakuchagua. Na hata angesema haendi kwa Kadhi, isingembadilishia kitu. Watu wengi hawalijui hili. Mahakama unaweza kuikataa, sheria yenyewe huwezi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliwahusu Waislamu pia mwanzoni, nao wakaipinga miaka kadhaa, na pingamizi lao lilikuwa la haki. Mwaka 1990 ikarekebishwa: mtu akifa akiwa Mwislamu, mali yake itagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Kinachoangaliwa hapo ni dini ya marehemu peke yake. Mrithi anaamini nini au amekubali nini, haulizwi, na hata akienda Mahakama Kuu, jaji atatumia sheria hiyohiyo.

Madhara ya pengo hilo niliyaona waziwazi kwa bibi mmoja kutoka Taita. Mwanawe alisilimu akiwa kijana, akaoa Mombasa, akapata watoto, na alipopata uwezo akanunua kiwanja karibu na Voi akamjengea mama yake nyumba. Hati ilikuwa kwa jina la mwana. Mama aliendelea na kanisa lake, mwana na msikiti wake, na kila Krismasi na kila Idi walikula pamoja. Mwana akafa ghafla, bila wasia. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu tofauti ya dini inazuia urithi, kwa hiyo mama hana fungu. Mtu mmoja wa upande wa mkewe akaanza kusema nyumba ya Voi iuzwe.

Bibi yule alikuja na mjukuu wake amemshika mkono. Aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, mimi sikuhukumiwa na dini hii maishani mwangu. Leo inanihukumuje?" Sikuwa na jibu la kumpa kutoka kitabu chochote. Kwa Kadhi hawezi kuitwa kwa nguvu, kwani yeye si Mwislamu. Lakini mali ya mwanawe inafuata sheria ambayo yeye hakuikubali kamwe, popote kesi itakapokwenda.

Waliomwokoa ni wajukuu. Walikuwa watu wazima, na mtu mzima akishapata fungu lake anaweza kulitoa apendavyo. Wakaandikiana makubaliano kwamba nyumba ya Voi haiuzwi na nyanya yao atakaa humo maisha yake yote. Imamu wa mtaa wao ndiye aliyewaita na kuwakalisha. Alisema kumtendea wema mzazi asiye Mwislamu ni amri, si hisani. Nilimshukuru sana yule imamu. Lakini nilirudi nyumbani na uchungu, kwa sababu bibi alibaki na paa kichwani kwa wema wa wajukuu. Angekuwa na wajukuu wabaya, au wadogo wasioweza kutoa ridhaa kisheria, sheria isingemfaa kitu. Tangu hapo kila Mwislamu mwenye mzazi wa dini nyingine ninayekutana naye namsihi aandike wasia. Theluthi ya mali inaruhusiwa kwa asiyekuwa mrithi, na wanachuoni wengi hawaoni tatizo awe wa dini nyingine. Mtu asingoje.

Basi tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu, ile iliyo juu ya zote nchini, ilipotoa uamuzi kuhusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, simu yangu haikutulia. Marehemu alikuwa Mwislamu wa hapa Pwani, na swali lilikuwa kama watoto aliowapata nje ya ndoa wanaweza kurithi pamoja na wengine. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imesema ndiyo, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono. Majaji walisema kile kifungu cha kulegeza usawa kifasiriwe kwa wembamba, kiishie pale tu panapolazimu, na kwamba kumbagua mtoto kwa sababu wazazi wake hawakuoana hakuwezi kupita.

Wengi katika jamii yetu walikasirika, na hasira yao si ya ujinga. Sheikh mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Binti yangu, hawa majaji hawakusoma fikihi. Wakituondolea moja leo, kesho wataondoa lipi?" Ni hoja nzito. Ahadi ya 1963 haina maana ikiwa kila kilichomo kitapimwa upya na watu wasiokiamini. Nami sitaki siku ifike jaji wa Nairobi amwambie yule binti wa faskhi jinsi ya kukaa eda.

Lakini nilimwambia, kwa adabu, kwamba katika hili nipo upande wa watoto. Mtoto hakukubali kitu. Hakuwepo wazazi walipokosa, wala hakuulizwa. Watu wazima ndio waliokosea, na nafasi ya dini iliyowekwa ili muumini aishi kwa imani yake inageuzwa kuwa fimbo ya kumchapa asiye na kosa. Na hata ndani ya fikihi, wazazi walikuwa na njia: hiba, yaani zawadi mtu akiwa angali hai, au wasia wa theluthi. Wanaume wanaozijua njia hizo ni wengi, na wanaozitumia ninaweza kuwakumbuka kwa majina. Sheikh hakukubaliana nami. Alisema watoto wapewe kwa wasia, siyo kwa mirathi, na kwamba kazi ya kuwahimiza wanaume ni ya misikiti. Nikamwomba basi aiseme katika hutuba ya Ijumaa. Aliisema, na watu walikuja ofisini kuandikisha wasia. Mpaka leo tunatofautiana kuhusu ile hukumu, na tunafanya kazi pamoja kuhusu wasia.

Mtu asidhani ni Waislamu tu, wala ni mirathi tu. Wanafunzi wa Kisabato walipolalamika kwamba shule zinawalazimisha kusoma Jumamosi, Mahakama ya Rufaa ilikuwa upande wao mwaka 2017. Mwaka 2019 Jaji Chacha Mwita alisema msichana wa Kirastafari hawezi kufukuzwa shule kwa sababu ya nywele zake. Lakini mwaka huohuo, mwezi Januari, Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa 2016 ulioruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe katika shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist. Kiini cha kuutengua kilikuwa namna madai yalivyowasilishwa, na Jaji Ojwang hakukubaliana na wenzake. Hilo la Isiolo liliniuma na linaniuma bado. Msichana akivaa hijabu darasani, nani mwingine anabeba mzigo? Aliyeitaka ni yeye, anayeivaa ni yeye, na mwenzake wa dawati la pili hapungukiwi na kitu. Hapo ndipo nafasi ya dini ilistahili kuwa pana, na ndipo ilipobanwa.

Ninachoomba katika mahakama zetu si kikubwa. Kabla shauri halijaanza, kila mhusika aulizwe peke yake, bila shemeji wala kaka kusimama nyuma yake, kwa lugha anayoielewa: unajua una hiari? Unaikubali mahakama hii? Jibu lake liandikwe kwenye faili. Nimekutana na Kadhi anayefanya hivyo kwa uamuzi wake mwenyewe. Mbele yake nilishuhudia mama mmoja akijibu, "Hapana, mheshimiwa, mimi nataka kwingine," na Kadhi akamwelekeza pa kwenda bila kumkemea. Jambo hilo liwe kanuni kwa wote, lisitegemee tabia ya mtu.

Sheria ya Urithi nayo Bunge liitazame upya, kile kifungu cha 1990. Kisifutwe, maana Waislamu walikipigania kwa haki. Kiongezewe ulinzi kwa mzazi asiye Mwislamu aliyekuwa akitegemea mwanawe, na kwa mtoto ambaye hajafikia umri wa kutoa ridhaa yoyote.

La mwisho ni kuhusu kiti cha Kadhi chenyewe. Kifungu cha 170 kinataka Kadhi awe Mwislamu na awe na elimu ya sheria ya Kiislamu. Jinsia hakikuitaja. Katika miaka yote niliyokalia benchi lile, sijamwona mwanamke akiingia kwa mlango wa mbele kuketi pale juu, ingawa wanaoleta mashauri ni kina mama kwa wingi, na mabinti zetu wanahitimu sheria na fikihi kila mwaka. Nimewauliza masheikh, nimewauliza mawakili. Wa fikihi wananipa hoja zao na ninazisikiliza. Wa sheria hakuna hata mmoja aliyenionyesha ni wapi Katiba imemzuia.